Karantini: neno lililotokana na siku arobaini

Ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia wilayani, tangazo hufuata haraka: mnada umefungwa, ng'ombe wasitoke wala kuingia, eneo liko chini ya karantini. Mwaka 2020, wakati wa korona, neno hilohilo lilitumika kwa watu. Wengi wetu tukilisikia tunaona kama tumeadhibiwa. Je, lina maana gani hasa, na lilitoka wapi?

Kiswahili kimelichukua kutoka Kiingereza. Waingereza nao walilipata Italia, katika mji wa bandari wa Venice, ambako "quarantena" maana yake ni siku arobaini.

Kuanzia mwaka 1347 tauni iliingia Ulaya kwa meli na kuua mamilioni ya watu. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik nchini Kroatia, ulitoa amri: anayetoka penye tauni asiingie mjini kabla ya kukaa mwezi mzima nje yake, katika kisiwa kidogo cha Mrkan au mji wa Cavtat. Baadaye siku 30 zikawa 40.

Kwa nini arobaini? Wakati huo hakuna aliyejua kijidudu cha tauni; kiligunduliwa Hong Kong mwaka 1894. Lakini katika dini, arobaini ilikuwa hesabu ya kujitakasa: Yesu alifunga siku 40 jangwani. Hata kwetu hesabu hiyo ina uzito. Mzazi hutoka arobaini, na siku za mwizi ni arobaini.

Venice ilitenga visiwa viwili. Cha kwanza, mwaka 1423, kilikuwa cha wagonjwa. Cha pili, mwaka 1468, kilikuwa cha watu na bidhaa waliotiliwa shaka tu. Hapo ndipo ilipo maana ya neno hili. Mgonjwa hutengwa ili atibiwe. Anayewekwa karantini ni yule anayeonekana mzima, ila huenda ameshaambukizwa. Kuwekwa karantini si kuambiwa kwamba unaumwa. Ni kusubiri ijulikane.

Siku hizi jina limebaki, lakini hesabu hufuata ugonjwa. Aliyekaribiana na mgonjwa wa Ebola hufuatiliwa kwa siku 21. Korona ilipoanza, zilikuwa 14. Hesabu hizo hutokana na muda mrefu ambao ugonjwa huweza kujificha mwilini kabla ya dalili kutokea. Siku zikiisha bila dalili, mtu huruhusiwa kurudi kwake.

Kwa mifugo ni vivyo hivyo. Ugonjwa wa miguu na midomo kwa kawaida huchukua siku 2 hadi 14 kuonekana, na ng'ombe anaweza kuambukiza wenzake kabla hajatoa udenda wala kuchechemea. Ndiyo maana kumpitisha usiku ng'ombe "mzima" kwenda mnada wa jirani ni hatari. Uzima wake bado haujathibitika, na zizi atakaloingia linaweza kupata hasara kubwa kuliko bei yake.

Mnada ukifungwa, muulize afisa mifugo maswali mawili: tunasubiri ugonjwa gani, na karantini itaondolewa lini? Una haki ya kujua, kwa sababu ng'ombe ni wako na ada ya shule haisubiri.