Jaipur: Vito Walivaa, Sokoni Hawakufika

Haya msomaji wangu, funga mkanda! Wiki hii tunatua Jaipur, India, mji ulioanzishwa na Maharaja Sawai Jai Singh wa Pili mwaka 1727.

Asubuhi na mapema wahi ngome ya Amber, kilomita kama 11 nje ya mji, kabla jua halijawa kali. Ukirudi, simama mbele ya Hawa Mahal. Jina kama la kwetu, eti? Ndiyo, 'hawa' ni ndugu wa hewa, na 'mahal' ni ndugu wa mahali. Yote asili yake Kiarabu. Jumba hilo la mwaka 1799 lina ghorofa tano na vidirisha 953. Si mapambo tu, bwana! Wanawake wa ikulu walitawishwa, na humo ndimo walimochungulia pilikapilika za barabarani bila wao kuonekana.

Jirani tu na hapo ni Johari Bazaar, soko la vito. Bei ya kwanza usiikubali, omba upunguziwe huku unatabasamu. Ila dada yangu, ukishachoka kuvutana na muuzaji, inua macho uyatazame madirisha yale. Waliokaa kule juu vito walikuwa navyo tele, lakini raha ya kuzurura sokoni kwa miguu yao hawakuionja. Wewe unayo, tena bure. Itumie!