Kwa nini wasichana wana mashindano yao ya hisabati

KILA mwaka, wasichana wa shule za sekondari kutoka mataifa mbalimbali hukutana katika Olimpiadi ya Hisabati ya Wasichana ya Ulaya. Wapo wanaohoji: ikiwa hesabu hazina jinsia, kuna haja gani ya kuwatenga?

Jibu linaanzia katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, iliyoanza nchini Romania mwaka 1959. Kila nchi hupeleka wanafunzi wasiozidi sita, wavulana kwa wasichana. Hata hivyo, kwa miaka mingi wasichana wamekuwa takriban mmoja katika kila washiriki 10, na timu nyingi hazina msichana hata mmoja.

China ilianzisha mashindano ya wasichana mwaka 2002. Uingereza ikavutiwa na mfano huo, na Aprili 2012 olimpiadi ya Ulaya ikafanyika kwa mara ya kwanza mjini Cambridge, ikishirikisha nchi 19. Nchi za nje ya Ulaya, Marekani ikiwamo, nazo hualikwa.

Kila nchi hupeleka wasichana wanne. Mtihani ni wa siku mbili, na kila siku huwa na maswali matatu ya kufanywa kwa saa nne na nusu. Kila swali lina alama saba, hivyo jumla ni 42, sawa na olimpiadi ya kimataifa. Mshiriki hachagui jibu, bali huthibitisha hoja yake hatua kwa hatua.

Wakosoaji hudai kuwa kuwatenga wasichana ni kukiri kwamba hawawezi. Lakini mshiriki hazuiwi kuwania pia timu ya kimataifa. Kinachobadilika ni maandalizi: nchi yenye nafasi nne za wasichana hulazimika kuwatafuta shuleni na kuwafunza, badala ya kusubiri wajitokeze.

Maryam Mirzakhani wa Iran ni ushahidi wa hilo. Alisoma shule ya wasichana mjini Tehran, wakati timu ya nchi yake ilikuwa haijawahi kuwa na msichana. Mkuu wa shule, mwanamke, alihakikisha wanafunzi wake wanapata fursa sawa na za wavulana. Mirzakhani alitwaa dhahabu mwaka 1994 na 1995, safari ya pili akipata alama zote 42. Mwaka 2014, miaka mitatu kabla ya kifo chake, akawa mwanamke wa kwanza kutunukiwa Medali ya Fields.

Kipaji kilikuwapo. Kilichohitajika ni mtu wa kukifungulia mlango.