Dawa Moja Haiui Vijidudu Vyote

Katika Kiamunyi, kando ya barabara itokayo Nakuru kwenda Kabarak na Eldama Ravine, mtu akishikwa na kikohozi mara nyingi huenda kwanza katika duka la dawa, akaomba vidonge vya rangi mbili kama vile alivyopewa jirani yake. Jirani alipona, basi yeye naye atazamia kupona. Lakini yawezekana kuwa maradhi yao ni mambo mawili mbalimbali, maana dawa ziitwazo antibiotiki si dawa moja. Ziko za jamii nyingi, na kila jamii ina vijidudu inavyoviweza na vingine isivyoviweza hata kidogo. Mafua, kwa mfano, huletwa na virusi, wala hakuna antibiotiki hata moja iyawezayo.

Vijidudu vinavyouawa na dawa hizi huitwa bakteria. Katika mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aligundua njia ya kuvitia rangi ili vitambulikane katika hadubini. Vingine hushika rangi ya zambarau. Vingine huipoteza vikioshwa, kisha hutiwa rangi nyekundu. Tofauti hiyo yatokana na maumbile yao. Vya zambarau vina ukuta mnene ulio wazi kwa nje. Vyekundu vina ukuta mwembamba, lakini juu yake vimevaa ngozi nyingine, kama mtu aliyevaa koti la mvua.

Penisilini, iliyogunduliwa na Alexander Fleming mjini London mwaka 1928, huzuia kijidudu kujenga ukuta wake, hata kikapasuka na kufa. Hufaa sana kwa vijidudu vya zambarau viletavyo maumivu ya koo, na kwa vile vya kaswende pia. Penisilini ya kwanza ilishindwa kupenya koti la vyekundu vingi. Amoksilini, ndugu yake, hupenya katika baadhi yao. Vankomisini ina umbo kubwa mno, nayo huishia nje ya koti. Tena viko vijidudu visivyo na ukuta wowote, kama vile vya homa ya mapafu ya ng'ombe. Mfugaji ampigaye ng'ombe huyo sindano ya penisilini apoteza fedha zake bure, kwani hapana ukuta wa kubomolewa.

Kijidudu cha kifua kikuu kimejipaka mafuta mazito mfano wa nta, na vile vidonge vya rangi mbili havikitibu. Siprofloksasini yaweza kukipunguza kwa muda, na hapo pana hatari kubwa zaidi: mgonjwa hupata nafuu, huchelewa kupimwa makohozi, na huku anaambukiza watu wa nyumba yake. Matibabu yenyewe huanza kwa dawa nne pamoja, yaani rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli, na katika hospitali za Serikali ya Kenya hutolewa bila malipo.

Dawa nyingine hazishughuliki na ukuta. Tetrasiklini, erithromisini na jentamisini huharibu mahali ambapo kijidudu hutengenezea protini zake. Siprofloksasini huvuruga nyuzi za urithi, kijidudu kisiweze kuzaana.

Vijidudu navyo hujifunza kujikinga. Zamani homa ya matumbo, yaani taifodi, ilitibiwa kwa kloramfenikoli, ampisilini au kotrimoksazoli. Katika miaka ya mwisho ya 1990 vilionekana Nairobi vijidudu vya taifodi vilivyozishinda zote tatu. Madaktari wakageukia siprofloksasini, nayo ikaanza kupungua nguvu, ikawabidi kutumia seftriaksoni na azithromisini. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liligawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutangulizwa, kama amoksilini, za kuangaliwa sana, kama hizo tatu za taifodi, na za akiba, kama linezolidi, ambazo hungoja mgonjwa aliyeshindikana kwa dawa nyingine.

Ili kujua dawa ipi yafaa, wapimaji wa hospitali huotesha vijidudu vya mgonjwa katika kisahani chenye chakula chao, kisha huweka juu yake vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa mbalimbali. Dawa yenye nguvu huacha duara tupu kuizunguka. Iliyoshindwa huzingirwa na vijidudu hadi ukingoni. Kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu, na kwa mgonjwa aliyezidiwa daktari huanza na dawa anayoidhania, kisha huibadili majibu yakitoka.