Mlo wa kila siku: Halali peke yake haitoshi

 

Ndugu msomaji, leo tunazungumzia jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya mara mbili au tatu kwa siku, nalo ni kula. Ni jambo ambalo kila mtu ana fatwa yake. Ukikaa barazani baada ya swala ya Alasiri utamsikia mmoja akisema kuwa wali wa nazi ndio uliowalea wazee wetu. Mwingine atasema sembe haina kitu, tule dona. Wa tatu atasema wanga wote ni sumu, tule nyama, mayai na mboga tu. Na wa nne atawajibu wote kuwa Muislamu hana haja na maneno hayo, maadamu chakula ni halali na amesema Bismillahi.

Mabishano haya yana gharama yake. Utafiti wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionesha kuwa, kati ya watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban 26 katika kila 100 walikuwa na shinikizo kubwa la damu na 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 nao ulionesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Sisi tunaofanya kazi ya utabibu tunayaona mambo haya mawili yakitoka katika nyumba moja: babu ana kisukari, mjukuu amedumaa, na chungu kilichowalisha ni kimoja.

Kwa hiyo, kabla ya kukisifu au kukilaumu chakula chochote, tujiulize maswali matatu. Kiasi gani? Pamoja na nini? Kwa nani? Inshallah tutaona kuwa maswali haya yanamaliza sehemu kubwa ya ubishi wetu.

HALALI NA KIZURI

Tuanze na ndugu yetu wa nne. Katika Surat al-Baqara, aya ya 168, Allah (SW) anawaamrisha watu wale vilivyomo ardhini vikiwa na sifa mbili kwa pamoja, viwe halali na viwe vizuri. Na katika Surat al-A'raf, aya ya 31, ruhusa ya kula na kunywa imefuatana na katazo la israfu. Naye Mtume (SAW), katika hadithi ya Miqdam bin Ma'dikarib (RA) iliyopokewa na Tirmidhi, amefundisha kuwa tonge chache zinamtosha mwanadamu, na akizidisha, basi agawe tumbo sehemu tatu: chakula, kinywaji na pumzi.

Hivyo basi, uhalali ni mlango wa kuingilia tu. Sukari ni halali, lakini Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe takriban gramu 50 kwa siku, sawa na vijiko 12 vya chai, na ni bora zaidi akiishia nusu yake. Chupa moja ya soda ya mililita 350 ina takriban vijiko 8 hadi 9. Anayekunywa na vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ameshavuka mpaka, hata kama kila kijiko amekitia kwa Bismillahi. Chumvi nayo isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, ukihesabu na ile iliyomo katika vidonge vya kukolezea mchuzi.

Wengine huuliza kuhusu asali na tende, kwa kuwa zimetajwa kwa heri katika dini yetu. Ni vyakula vyenye baraka bila shaka, lakini ndani yake mna sukari, na mgonjwa wa kisukari aihesabu. Baraka ya chakula haiondoi wajibu wa kutofanya israfu.

WALI WA NAZI

Wanaoitetea nazi wana hoja. Wazee wetu wa mwambao waliila na wengi wao waliishi miaka mingi. Lakini tuwatazame vizuri wazee hao. Walikwenda shamba kwa miguu, walilima kwa jembe la mkono, walikula samaki na mboga za majani, na soda hawakuijua. Sisi tumerithi wali wao lakini hatukurithi jembe lao.

Mafuta ya nazi, kwa zaidi ya asilimia 80, ni mafuta ya aina ile inayoganda kama samli. Mafuta ya aina hii yakizidi mwilini hupandisha lehemu mbaya katika damu, na lehemu hiyo hujijenga katika kuta za mishipa na kuiziba taratibu. Haina maana kuwa nazi ni haramu kiafya. Maana yake ni kuwa tuulize kiasi gani na pamoja na nini. Mlo mmoja uwe na chungu kimoja tu cha nazi. Wali ukiwa wa nazi, maharage yachemshwe tu na samaki achomwe. Mchuzi ukiwa wa nazi, wali uwe mweupe. Tatizo ni pale wali, maharage, samaki na mchicha vyote vinapoungwa kwa tui zito, kisha pembeni pakawekwa sambusa na bagia za kukaanga.

DONA NA SEMBE

Hapa wanaosema dona wana haki kwa sehemu kubwa. Mahindi yanapokobolewa, huondolewa ganda na kiini, na humo ndimo yalimo makapimlo, vitamini za kundi B na madini mengi. Kinachobaki ni wanga kwa sehemu kubwa. Makapimlo husaidia choo kiwe laini, hushibisha mapema, na hufanya sukari iingie katika damu polepole.

Lakini anayependa sembe naye ana hoja moja ambayo watetezi wa dona huisahau, nayo ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na ukungu katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya, katika maeneo kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa kula mahindi yenye sumu hii. Mwaka 2016 ikatokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hii hukaa zaidi katika ganda na kiini, na haiondoki kwa kupika. Ndiyo maana mahindi mabovu yakisagwa dona, sumu yote humfikia mlaji.

Kwa hiyo ushauri ni huu. Kula dona, lakini ya mahindi uliyoyachagua kwa macho yako. Toa yenye ukungu, yaliyovunjika na yaliyobadilika rangi, na usimpe kuku wala kusagia uji wa mtoto. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, na yahifadhiwe yakiwa makavu kabisa. Usipoweza kuyapata mahindi ya kuaminika, sembe iliyoongezwa virutubisho kiwandani ni bora kuliko dona ya mahindi usiyojua yalikolala.

WANAOKATAA WANGA KABISA

Kundi hili limekua sana, hasa mijini. Ukweli ni kuwa kupunguza wanga na sukari hushusha uzito na sukari ya damu kwa watu wengi. Hilo hatulikatai. Tunalolihofia linatokana na swali la tatu: kwa nani?

Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini, au anayemeza vidonge kama glibenclamide, amepangiwa dozi kulingana na chakula anachokula. Akiamka siku moja akaacha ugali, wali na ndizi, huku akiendelea na dozi ile ile, sukari yake inaweza kushuka kupita kiasi. Huanza kutetemeka, kutoka jasho, njaa kali na moyo kwenda mbio, kisha huchanganyikiwa na anaweza kupoteza fahamu. Mzee wa namna hii huletwa hospitali usiku, na jamaa zake wameshasema kuwa amepagawa na majini, kumbe sukari imeshuka. Kila saa inayopotea kwa kusubiri mganga ni hatari kwa ubongo wake na hata kwa uhai wake.

Ukimuona mtu mwenye kisukari katika hali hiyo na bado anaweza kumeza, mpe haraka vijiko vitatu au vinne vya sukari katika maji. Subiri dakika 15, na kama hajapata nafuu rudia, kisha mpeleke hospitali. Akiwa amepoteza fahamu usimtie chochote mdomoni, maana kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu na umkimbize hospitali.

Lipo na kosa la upande wa pili, ambalo ni kubwa zaidi: kuacha dawa kwa kuwa chakula kimebadilika. Mwenye kisukari cha utotoni, ambaye mwili wake hautengenezi insulini, akiacha sindano anaweza kufa katika siku chache, hata asipogusa wanga. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mgonjwa wa figo nao wasiingie katika mlo huu kwa kusikia. Anayetaka kupunguza wanga na ana maradhi, amwambie kwanza tabibu wake ili dozi ipangwe upya. Kumuuliza mwenye ujuzi ni katika adabu tulizofundishwa madrasa.

CHAKULA BORA SI CHA TAJIRI

Wengi husema, "Chakula bora ni nyama na mayai, sisi tutavipata wapi?" Maneno haya si sahihi. Dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao wana protini, chokaa na madini ya chuma. Maharage, kunde, choroko na karanga hujenga mwili. Mchicha, matembele na kisamvu hupatikana karibu kila soko.

Yapo mambo mawili madogo ambayo hayana gharama. La kwanza, kamulia ndimu kwenye mboga au kula chungwa pamoja na mlo, kwa sababu vitamini C huusaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. La pili, usinywe chai pamoja na chakula. Chai huzuia madini hayo. Subiri saa moja hivi, hasa kwa wajawazito na watoto, ambao upungufu wa damu huwasumbua zaidi. Na mboga ioshwe kabla ya kukatwa, isipikwe mpaka ikabadilika rangi, na maji yake yasimwagwe.

HAKI YA MTOTO KATIKA SINIA

Kula pamoja katika sinia moja ni jambo jema, lina mapenzi na baraka. Hata hivyo tuangalie nani anapata nini. Katika nyumba nyingi kichwa na mnofu wa samaki ni vya baba na wageni, na mtoto wa miaka miwili hupewa wali uliolowekwa mchuzi. Mkono wake ni mdogo, kasi yake ni ndogo, na kaka zake wameshamaliza. Huyu ndiye anayedumaa, na udumavu ukishapita miaka miwili ya mwanzo ni vigumu kuurudisha nyuma.

Mtoto apewe maziwa ya mama peke yake miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Awe na kibakuli chake, ndani yake mnofu uliopondwa, dagaa waliosagwa, yai au maharage, na mboga. Uji wake usiwe wa unga na sukari tu, utiwe karanga zilizosagwa au maziwa. Kufanya hivi si kumtenga na baraka ya sinia, ni kumlindia haki yake.

MFANO WA SIKU MOJA

Kwa mtu mzima, nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, na robo iwe samaki, nyama au maharage. Asiye na mizani atumie mkono wake: wanga usizidi ngumi moja au mbili kulingana na kazi anayoifanya, na mboga zijae viganja viwili.

Asubuhi: viazi vitamu au muhogo wa kuchemsha, yai, papai. Chai ifuate baadaye, yenye sukari kidogo.

Mchana: ugali wa dona, dagaa wa nyanya na vitunguu, matembele yenye ndimu, chungwa.

Usiku: wali mweupe kiasi, maharage ya tui jepesi, mchicha, kachumbari.

Tahadhari moja ya usafi: wali uliobaki usilale sufuriani katika joto la jikoni. Wapo vijidudu ambao mbegu zao haziuawi na moto wa kwanza, na sumu yao haiondoki kwa kupasha kiporo. Wenye jokofu waupooze na kuuhifadhi mapema. Asiye na jokofu apike wa kumtosha, na hapo atakuwa ameepuka maradhi na israfu kwa pamoja.

Ndugu zangu, tuwaache watu wa barazani waendelee kubishana. Sisi tukirudi nyumbani leo tutazame sahani zetu, na zaidi tutazame kibakuli cha yule mdogo wetu kuliko wote.