Aibu isimcheleweshe mtoto aliyeumia sehemu za siri

Msimu wa mabibo, watoto wa Marui na vijiji jirani vya Kisarawe hushinda juu ya mikorosho. Tawi likivunjika, mtoto huangukia tawi la chini akiwa amepanua miguu. Ukimuuliza, anasema amejikwaa.

Mgonjwa wangu mmoja, mvulana wa miaka 10, alinyamaza siku mbili. Mama aligundua alipokuwa akifua kaptula, akaona damu.

Pigo la namna hiyo hubana mrija wa mkojo kwenye mfupa wa kinena, ukachanika. Dalili ni damu inayotoka kwenye tundu la mkojo, kushindwa kukojoa, na uvimbe mweusi kwenye mfuko wa korodani. Mkojo ukivujia ndani ya nyama, usaha hufuata.

Mzazi, ukiona damu hiyo usimlazimishe kukojoa wala usimnyweshe maji mengi. Kama kuna jeraha linalotoka damu, kandamiza kwa kitambaa safi. Majivu, chumvi na mafuta ya taa viache jikoni. Mlaze kwenye gari au bajaji. Kumpandisha bodaboda ni kumuumiza mara ya pili.

Hospitalini, daktari mwangalifu hatasukuma mpira wa mkojo kupitia mbele, kwani mchaniko mdogo unaweza kukatika kabisa. Ataweka ganzi chini ya kitovu na kupitisha mpira moja kwa moja hadi kwenye kibofu. Wazazi wengi huogopa wakiuona tumboni, wakadhani mtoto ameharibika. La hasha. Kazi hiyo haihitaji mashine kubwa, na humpa mtoto muda wa kufika Tumbi au Muhimbili. Kuunganisha mrija, ikibidi, mara nyingi husubiri miezi 3 hivi, uvimbe uishe.

Watoto wa kike nao huumia kwa kuanguka. Lakini maelezo yasipolingana na jeraha, muulize mtoto taratibu, mkiwa wawili tu, na umwambie daktari. Namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.

Yule mama aliniuliza kwa sauti ya chini kama mwanawe atazaa. Korodani zake zilikuwa salama, nikamwambia hivyo. Nikamwomba aangalie kitu kimoja nyumbani baada ya mpira kutolewa: mkojo ukianza kuwa mwembamba kama uzi, au mtoto akijikamua, amrudishe wiki hiyohiyo, kwa sababu kovu limeanza kuubana mrija.