Kifafa: Tumwulize Nani?



Katika sura ya 9 ya Injili ya Marko, baba mmoja anamleta mwanawe kwa Yesu. Kijana huanguka, hutokwa povu na kukakamaa. Mara nyingi ametumbukia motoni na majini. Hapa Nyamwaga wapo wanaoufahamu msiba huo pasipo kusimuliwa. Kabla ya kumponya, Bwana alimwuliza baba hali hiyo ilianza lini, naye akajibu: tangu utotoni. Swali hilohilo ndilo daktari ataanza nalo.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Chanzo chake chaweza kuwa mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, jeraha la kichwa, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni. Pengine chanzo hakijulikani. Lakini povu haliambukizi. Anayemwacha mtoto aungue jikoni kwa kuogopa kumgusa anamdhulumu bure.

Basi tumwulize nani? Tuanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Katika hospitali zetu nyingi, kifafa hutibiwa kwenye kliniki ya afya ya akili, mzazi asigeuze njia akisema, “Mwanangu si kichaa.” Wahudumu wa kliniki hiyo ndio wenye ujuzi wa ugonjwa huu. Ikilazimu, watampa rufaa hadi Musoma, au Bugando, Mwanza, hospitali ya kanda iliyo chini ya Baraza la Maaskofu.

Daktari ni nadra kumwona mgonjwa akianguka. Kwa hiyo aliyeshuhudia aende naye, aeleze: kifafa kilianza lini, humshika mara ngapi na kwa muda gani, upande gani hutangulia kutikisika. Naye aulize: dawa hii inywewe vipi? Ina madhara gani? Je, binti akipata ujauzito?

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alifanya hivyo huko Mahenge tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wenye kifafa wametengwa na kujaa makovu ya moto. Aliwasikiliza wao na wazazi wao, akaanzisha kliniki na kuwapa fenobabitoni, dawa ya bei nafuu inayotumika kwa kifafa tangu 1912. Wengi walipata nafuu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hadi asilimia 70 ya wagonjwa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Dawa isikatizwe ghafla, hata baada ya maombi. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anafundisha kusali na pia kumpa tabibu nafasi yake, kwa maana naye ametoka kwa Mungu. Mpako wa Wagonjwa na kidonge havigombani.

Mtu akianguka, mwondolee vitu vya hatari, mlaze kwa ubavu, usimtie kitu kinywani. Zikipita dakika 5, awahishwe hospitali.

Tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, kila Jumuiya Ndogo Ndogo imwalike mhudumu wa afya, imwulize maswali haya. Na yule aliyefichwa ndani kwa miaka mingi, aketi mbele pamoja nasi.