Fahamu: Kwa nini marafiki hawahami WhatsApp hata ukiwaita

Mkazi wa Makole, Dodoma, anaweza kupakua Signal, programu ya ujumbe kama WhatsApp, kwa dakika chache. Kazi ngumu ni kuwavuta wenzake wa kundi la michango ya harusi na misiba.

Januari 2021, WhatsApp ilipotangaza masharti mapya ya faragha, mamilioni duniani walikimbilia Signal na Telegram. WhatsApp ikasogeza tarehe ya masharti hayo kutoka Februari 8 hadi Mei 15, na bado ikabaki na watu wake. Kundi halina faida mpaka wenzako wawemo; anayehama peke yake anakosa taarifa ya msiba, na hilo kwetu si jambo dogo.

Tofauti ipo wapi? Ujumbe wa WhatsApp na wa Signal umefungwa kwa teknolojia ileile. Ila Signal, inayoendeshwa na taasisi isiyo ya kibiashara, huhifadhi kumbukumbu chache mno kuhusu nani anawasiliana na nani. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuhama.

Ukitaka kundi lihame, usimwalike kila mtu kwa mara moja. Anza na mweka hazina wa kundi: hesabu za michango zikitolewa kwenye Signal tu, wanachama watafuata. Na msaidie mama asiyejua kupakua. Kaa karibu naye, mfungulie, kisha mtumie ujumbe wa kwanza.